Nchi Hii Ni Salama kwa Nani? Kupima Usalama wa Safari kwa Jicho la Tiba

Miezi michache kabla ya msimu wa Hija, wahudumu wa kliniki za kisukari na shinikizo la damu huulizwa swali lile lile na wagonjwa wengi: "Huko ninakokwenda ni salama?" Swali ni fupi, na anayeuliza hutarajia jibu fupi la ndiyo au hapana. Jibu la namna hiyo, hata hivyo, laweza kumponza. Usalama haupimwi kwa kuitazama nchi peke yake. Hupimwa kwa kutazama mambo manne kwa pamoja: mahali, msimu, shughuli atakazofanya msafiri, na hali ya mwili anaosafiri nao.

Tahadhari za serikali na mipaka yake

Serikali nyingi hutoa tahadhari za safari kwa raia wake. Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani, kwa mfano, tangu Januari 2018 huzipanga nchi katika ngazi nne, kuanzia ile ya kuchukua tahadhari za kawaida hadi ile ya kutosafiri kabisa. Upangaji huo huzingatia uhalifu, ugaidi, machafuko, majanga ya asili na magonjwa. Ni taarifa zenye manufaa, na msafiri mwenye busara huzisoma.

Lakini ngazi moja hutolewa kwa nchi nzima na kwa msafiri yeyote. Haijui kama msafiri ana miaka 25 au 75, wala kama mkobani mwake mna insulini. Zaidi ya hayo, vifo vingi vya wasafiri wa kimataifa hutokana na magonjwa ya moyo na mishipa ya damu pamoja na ajali, hasa za barabarani. Magonjwa ya kuambukiza huchukua sehemu ndogo. Hivyo, mgonjwa wa moyo anaweza kusoma kwamba nchi fulani imo katika ngazi ya kwanza, akaondoka akiwa ametulia, ilhali hatari yake kubwa anaibeba kifuani mwake.

Funzo la Hija ya mwaka 2024

Hija ya Juni 2024 inalieleza jambo hili vizuri. Mahujaji waliohudhuria walizidi milioni 1.8, na joto katika Msikiti Mtukufu wa Makka lilifikia nyuzi 51.8 za Selsiasi. Serikali ya Saudi Arabia ilitangaza kwamba watu 1,301 walifariki dunia. Katika tangazo hilo ilielezwa kwamba asilimia 83 ya marehemu hawakuwa na kibali cha kuhiji, na kwamba walitembea masafa marefu juani bila kivuli wala mahali pa kupumzika. Miongoni mwa waliofariki walikuwamo wazee na watu wenye maradhi sugu.

Nchi ilikuwa moja, na jua lilikuwa moja. Aliyekuwa na kibali alikuwa na hema lenye kipozahewa na nafasi katika basi; asiye nacho aliachwa nje ya huduma hizo. Kwa mhudumu wa afya, basi, swali la kibali si la uhamiaji pekee. Ni swali la kitabibu, kwa kuwa jibu lake hueleza kama mgonjwa atapata kivuli, maji na usafiri pale mwili utakapovihitaji.

Msimu nao hubadilika. Kalenda ya Kiislamu hutangulia ile ya kawaida kwa takriban siku 11 kila mwaka, hivyo Hija inasogea polepole kutoka kiangazi kuelekea majira yenye joto la chini. Ushauri uliomfaa hujaji wa mwaka 2024 utahitaji kupitiwa upya kwa hujaji wa miaka kumi ijayo, ingawa mji ni ule ule na ibada ni ile ile.

Hatari inayorudi nyumbani

Mwaka 1987 homa ya uti wa mgongo ya kundi A ililipuka miongoni mwa mahujaji, na chanjo ikawa sharti la kuingia. Miaka ya 2000 na 2001 ulizuka mlipuko mwingine, safari hii wa kundi W135, ambalo chanjo zilizotumiwa na wengi wakati huo hazikulizuia. Mahujaji walirudi makwao katika nchi mbalimbali, na baadhi ya waliougua walikuwa jamaa zao ambao hawakusafiri kabisa. Baada ya hapo Saudi Arabia ilianza kudai chanjo inayokinga makundi manne, yaani A, C, W na Y. Chanjo hiyo hutolewa angalau siku kumi kabla ya kuwasili, ili mwili upate muda wa kujenga kinga.

Milipuko hiyo ina mafunzo mawili. Tathmini ya usalama huchakaa, hivyo taarifa za mwaka jana hazitoshi kwa safari ya mwaka huu. Pia, anayepimwa si msafiri peke yake. Nyuma yake wako mke au mume, wajukuu na majirani watakaompokea kwa kumkumbatia.

Kila ndege huruka kwa ubawa wake

Mgonjwa wa kisukari aliyepoteza hisia za miguu anaweza kuungua nyayo kwenye sakafu yenye joto bila kutambua, na kidonda kidogo kikamletea madhara makubwa baada ya kurejea. Anayetumia dawa za kuongeza mkojo hupoteza maji na chumvi kwa haraka zaidi anapotokwa na jasho jingi. Mpango wa dawa zake unapaswa kupitiwa na daktari kabla ya safari, na asiziache kwa uamuzi wake mwenyewe. Insulini haipaswi kuachwa katika joto linalozidi nyuzi 30, wala kuwekwa katika mizigo ya tumbo la ndege, ambako inaweza kuganda na kuharibika.

Kanuni hii inahusu hata anayerudi kwao. Mtu aliyezaliwa Tanga na kuishi Muscat kwa miaka 15 huiona Tanga kuwa mahali salama kuliko pote duniani. Hata hivyo, kinga ya kiasi dhidi ya malaria, ambayo wakazi wa maeneo yenye ugonjwa huo huipata kwa kuambukizwa mara kwa mara, hupungua mtu anapokaa mbali. Barani Ulaya, sehemu kubwa ya wagonjwa wa malaria ni watu wenye asili ya Afrika waliokwenda kuwatembelea ndugu zao. Wengi hawakutumia dawa za kinga kwa kuwa waliamini kwamba nyumbani hakuwezi kuwadhuru.

Maswali ya kuulizwa kliniki

Msafiri mwenye ugonjwa sugu anashauriwa kufika kliniki wiki nne hadi sita kabla ya safari. Mhudumu anaweza kuongoza mazungumzo kwa maswali haya:

1. Unakwenda mji gani, mwezi gani, na utafanya nini huko? Anayekwenda kukaa hotelini na anayekwenda kutembea kilomita kadhaa kila siku hawana hatari sawa.

2. Unaweza kutembea umbali gani sasa bila kuishiwa pumzi au kupata maumivu ya kifua? Jibu la swali hili huhitaji ukweli, si ujasiri.

3. Una chanjo zipi? Cheti cha homa ya manjano huanza kutumika siku kumi baada ya chanjo, na tangu Julai 2016 hutambuliwa kwa maisha yote ya aliyechanjwa.

4. Dawa zako zitatosha safari nzima pamoja na siku za dharura? Zibaki katika vifungashio vyake, ziambatane na barua ya daktari, na zigawanywe katika mikoba miwili. Dawa za maumivu kama tramadoli na kodeini hudhibitiwa kisheria katika nchi nyingi, hivyo masharti yake yaulizwe mapema.

5. Ukizidiwa, nani atakuwa karibu nawe, hospitali iko wapi, na nani atalipa gharama?

Kwa anayekwenda Hija yapo maonyo mengine mahususi. Wakati wa kunyoa nywele, wembe uwe mpya, kwa kuwa wembe wa kuchangia unaweza kuambukiza homa ya ini ya aina B na C. Ngamia wasiguswe na maziwa yao mabichi yasinywewe, kwa sababu ya virusi vya MERS vilivyogunduliwa Saudi Arabia mwaka 2012.

Pale jibu linapokuwa hapana

Wapo ambao tathmini ya kweli itawaambia wasubiri. Mwenye moyo ulioshindwa kiasi cha kuishiwa pumzi kwa hatua chache, anayesafishwa damu kwa mashine, au mwenye kifua kikuu ambacho bado kinaambukiza, hawezi kuhakikishiwa usalama na chanjo wala barua. Kumwambia hivyo mzee aliyeweka akiba kwa miaka mingi ni kazi nzito. Inafaa ifanywe mapema, kabla fedha hazijalipwa, familia ikiwapo, na maneno yakiwa ya heshima. Uwezo ni sharti la Hija, na afya ni sehemu ya uwezo huo. Wengi hulipokea jambo hili kwa utulivu wanapoelezwa na daktari na sheikh wao kwa pamoja.

Kwa wanaokwenda, safari haiishi uwanja wa ndege. Anayepata homa, kikohozi, kupumua kwa shida au shingo kukakamaa ndani ya wiki mbili baada ya kurejea afike kituo cha afya bila kuchelewa, na jambo la kwanza amwambie mhudumu alikotoka.