Je, Wajua? Masalio yaliyozaa mkopo wa mabilioni

Huko Eneabba, Australia Magharibi, kiwanda kinajengwa kando ya shimo la mgodi wa zamani lililojazwa masalio! Wachimbaji walitaka zirikoni, inayotumika kwenye vigae. Monazaiti, aina nyingine ya madini, ikabaki, ikalimbikizwa shimoni tangu miaka ya 1990. Ina thoriamu yenye mnururisho, hivyo ikafunikwa.

Lakini ina pia neodimiamu na disprosiamu, madini ya sumaku za magari ya umeme. Kazi ngumu ya kiwanda ni kuyatenganisha: kikemia yanafanana kama mapacha.

Mwaka 2022 serikali ya Australia ilikubali kuikopesha kampuni ya Iluka dola za Australia bilioni 1.25 ijenge kiwanda hicho. Hazikutosha. Mwaka 2024 ikakubali kuongeza milioni 400.