Tiba ya Akili Afrika (4): Aro, kijiji kilichomjibu Carothers

Januari 2025, Mahakama Kuu ya Kenya ilitamka kuwa kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichomhesabu aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu, kinakiuka Katiba. Miongoni mwa waliofungua shauri hilo ni chama cha madaktari wa magonjwa ya akili. Si mara ya kwanza kwa matabibu kutoka wodini na kupinga wanachokiona si haki. Wanaofuata mfululizo huu wanamkumbuka Dk. J. C. Carothers, mkuu wa hospitali ya magonjwa ya akili ya Mathari, Nairobi, tangu 1938 hadi 1950, na deni la hoja alilowaachia madaktari wa bara hili.

Carothers alidai kuwa sonona ni nadra kwa Mwafrika. Ushahidi wake mkubwa ulikuwa waliolazwa, na waliofikishwa Mathari walikuwa hasa wale waliowashinda jamaa zao au waliokamatwa na polisi. Mama aliyejiinamia nyumbani, halali wala hali, hakuhesabiwa na yeyote.

Jibu lilitoka Abeokuta, Nigeria. Thomas Adeoye Lambo, mzaliwa wa mji huo, aliporejea kutoka masomoni Uingereza alikuta hospitali ya Aro haijakamilika. Hakungoja mafundi. Mwaka 1954 alianza kuwapangia wagonjwa vyumba katika vijiji vya jirani, kwa sharti kwamba kila mmoja aje na ndugu yake, awe mama, dada au shangazi, wa kumpikia, kumfulia na kumpeleka hospitali asubuhi. Mchana walirudi kijijini, mgonjwa akaishi miongoni mwa watu na shughuli zao. Wenye nyumba walipata kodi, kijiji kikapata maji safi. Hata waganga wa jadi walishirikishwa.

Kisha Lambo akapima. Mwaka 1961, pamoja na Alexander Leighton wa Chuo Kikuu cha Cornell, aliongoza utafiti uliowafuata Wayoruba vijijini mwao. Dalili za sonona zikaonekana wazi, na ripoti ikachapishwa 1963. Kilichokuwa kimewaficha wagonjwa hao ni dharau ya wasiokwenda kuwauliza.

Njia hiyo ya kuwafuata watu na kupima ndiyo aliyoishika Dk. Dixon Chibanda wa Zimbabwe, aliyeanzisha Benchi la Urafiki mtaani Mbare, Harare, mwaka 2006 akiwa na bibi 14 wa kuketi na wenye sonona na kuwasikiliza. Hakuridhika na sifa: alilipima katika kliniki 24, kwa watu 573. Matokeo ya 2016 yalionyesha kuwa baada ya miezi sita, dalili za sonona zilikuwa zimebaki kwa asilimia 14 ya waliokaa na wahudumu hao, na kwa asilimia 50 ya waliopata huduma ya kawaida.

Hukumu ya Kenya imemwondoa aliyekata tamaa mikononi mwa polisi, lakini haiwezi kumwekea mtu wa kumpokea zahanatini. Ni aibu kaunti kununua magari kabla ya kuajiri muuguzi wa afya ya akili. Waajiriwe, kisha wapewe muda na fedha za kufuatilia nani alikuja, alitibiwa vipi, na anaendeleaje miezi sita baadaye.