Plastiki Kugeuzwa Mafuta: Hufanyikaje?

Majumbani mwetu bado wapo wanaowashia jiko kwa kipande cha ndoo iliyovunjika, kwa kuwa plastiki hushika moto upesi. Na ni kweli kwamba ndani yake mna mafuta. Lakini kuyatoa ni kazi nyingine kabisa, na moshi ule mweusi si dalili yake.

Plastiki nyingi hutengenezwa kutokana na mafuta yanayochimbwa ardhini au gesi asilia. Chembe zake za kaboni na hidrojeni zimeshikana kama shanga katika uzi mrefu mno. Tukizitia taka hizo katika tangi la chuma lisilopitisha hewa, tukalipasha moto kiasi cha nyuzi 400 hadi 500 za Selsiasi, uzi hukatikakatika. Kwa kuwa hamna oksijeni, plastiki haiungui, bali hugeuka mvuke. Mvuke hupitishwa katika bomba lililopozwa kwa maji, ukawa mafuta. Gesi isiyoganda hurudishwa kuchochea moto wa tangi, na chini hubaki masizi. Njia hii huitwa pairolisisi.

Waliowahi kuona mafuta ya makonyo yakitolewa kule Pemba wataifahamu habari ya mvuke na kupoza. Tofauti ni kwamba katika makonyo mafuta yamo tayari, ilhali hapa joto ndilo linaloyaumba.

Sasa, yatapatikana mafuta kiasi gani? Hapo ndipo penye ugumu. Madumu, mifuko na ndoo hutoa mafuta mengi, pengine yakaganda kama nta ya mshumaa. Chupa za maji na soda hutoa machache, afadhali zikusanywe zitengenezwe upya. Mabomba ya PVC ndiyo mabaya zaidi: yana klorini, ambayo hutoka kama gesi ya asidi, ikala chuma cha mtambo na kudhuru mapafu.

Kujaribu kila mchanganyiko kwa kila joto kungechukua miaka. Kwa hiyo watafiti huipa kompyuta matokeo ya majaribio yaliyokwisha fanywa: aina ya plastiki, joto, muda, na mafuta yaliyopatikana. Matokeo mengine huyaficha. Kompyuta ikishajifunza, huulizwa yale yaliyofichwa, mfano wa mwalimu anayefundisha kwa mitihani ya nyuma kisha akatunga mtihani mpya. Ikikaribia jibu, huaminiwa kukisia mchanganyiko mwingine. Lakini ikiwa ilifundishwa kwa plastiki safi ya maabara, itakosea ikiletewa taka za jalalani zenye mchanga na mabaki ya chakula. Kwa maoni yetu, mwenye kutenganisha taka ana kazi kubwa kuliko kompyuta.

Wazazi tunawaomba wasiruhusu vijana kulijaribu jambo hili uani. Mvuke ule ukivuja na kukutana na moto hulipuka. Hata mafuta yenyewe huhitaji kusafishwa kabla ya kutiwa katika injini, na yakichomwa hutoa hewa ya ukaa kama mafuta mengine.

Anayetaka kujua plastiki yake ni ya aina gani atazame chini ya chombo, penye pembetatu ya mishale. Namba 1 ni ya chupa za maji, 2 ya madumu, 3 ni PVC, 4 ya mifuko laini, 5 ya ndoo na viti vingi, na 6 ya vikombe vyepesi vya kutupa.