Lumbesa na Kiuno cha Mbebaji

Kunapopambazuka katika soko la Mchikichini, Dar es Salaam, wabebaji wanakuwa wameshafanya safari kadhaa. Balo la mitumba linapandishwa begani, shingo inalala upande, mtu anapenya katikati ya vibanda akipaza sauti apishwe. Likifunguliwa, wachambuzi wanainama juu ya nguo, na pembeni fundi amekunja mgongo kwenye cherehani akipunguza suruali. Hawa wote wanategemea kiuno, na kiuno kikiuma kazi haisimami.

Maumivu yanayodumu au kujirudia kwa zaidi ya miezi 3 huitwa maumivu sugu. Katika orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani iliyoanza kutumika Januari 2022, ICD-11, yamepewa nafasi yake yenyewe, na ilikuwa lazima. Maumivu ya kiuno hayaui, hivyo anayehesabu vifo hayaoni. Anayehesabu miaka ambayo watu huishi na ulemavu huyakuta yanaongoza duniani: mwaka 2020 waliokuwa nayo walikuwa takriban milioni 619, na makadirio ya 2050 ni milioni 843.

Wapo wenye maumivu hayo wanaojichangisha wapige picha ya MRI, wakaambiwa diski za uti wa mgongo zimechakaa, wakarudi nyumbani wamekata tamaa. Uchambuzi wa tafiti uliotoka 2015 ulikuta diski za namna hiyo kwa asilimia 37 ya watu wa miaka 20 wasio na maumivu yoyote. Kwa wa miaka 80, asilimia 96. Kwa wagonjwa walio wengi hakuna jeraha moja la kunyooshewa kidole. Maumivu yakikaa, neva za uti wa mgongo na ubongo hujifunza kuuma: mguso mdogo husikika mkubwa, na usingizi mbovu au wasiwasi wa kodi huyazidisha maumivu. Hata picha ikiwa safi, mgonjwa hadanganyi.

Ndiyo maana mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa Desemba 2023 unasisitiza elimu na mazoezi, na haupendekezi mikanda ya kiuno. Dawa ya diklofenaki hutuliza, lakini ikimezwa kila siku bila kupimwa huleta vidonda vya tumbo na kuumiza figo.

Hata hivyo mazoezi hayapunguzi uzito wa balo wala wa gunia. Lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kipimo, tunaipigia kelele kwa sababu inamwibia mkulima, na ni haki. Lakini hata gunia halali la kilo 100 linakaribia mara mbili ya kilo 55, kikomo ambacho Shirika la Kazi Duniani lilipendekeza mwaka 1967 kwa mwanamume mzima anayebeba. Mbebaji wa Ilala au Kariakoo analipwa kwa mzigo. Akilala ndani wiki moja, nyumbani hakuingii kitu. Magunia yashushwe hadi kilo 50, njia kati ya vibanda zipanuliwe ili mkokoteni upite, na zahanati ikimwandikisha mwenye maumivu ya kiuno, iandike pia kazi anayofanya.