Ploti ya makazi ikigeuzwa ya biashara Garissa, jirani ana siku ngapi?

Binamu yangu aliyeolewa Garissa alinipigia simu juzi. Jirani wa mlango wa pili kabomoa nyumba, mafundi wanachimba msingi, na maneno ya mtaani ni kwamba panakuja maduka na ghala la saruji. "Kaka, kuna la kufanya, au ndiyo yameshapita?"

Nikamwambia inategemea tarehe.

Tangu ugatuzi uanze 2013, kupanga miji ni kazi ya kaunti. Sheria inayotumika ni ile ya mipango na matumizi ya ardhi ya 2019. Mwenye ploti ya makazi akitaka kuifanya ya biashara hupeleka ombi kwa waziri wa kaunti anayesimamia mipango. Ofisi yake huuliza idara nyingine zinazohusika, kama za barabara, maji na afya. Ikiwa ni kituo cha mafuta, NEMA nayo lazima ihusishwe.

Mwombaji pia anatakiwa kuutangazia umma na kuwaalika watu watoe pingamizi. Kwa kawaida utaona kibao kimesimamishwa kwenye ploti na tangazo gazetini. Tangazo lenyewe ni la Kiingereza, herufi ndogo kama chungu, na mama wa Bulla Iftin anayesoma Kisomali na Kiarabu cha madrasa sijui analisomaje.

Sasa kuna kifungu ambacho wengi hawakijui. Mwombaji asipopata jawabu la maandishi ndani ya siku 60, ruhusa huhesabiwa kuwa imetolewa. Kifungu hicho kinawabana maafisa wanaokalia mafaili, na wenye kujenga wana haki ya kukifurahia. Lakini kwa jirani maana yake ni kwamba ofisi ikinyamaza, imekubali. Wewe unangoja "watu wa kaunti waje wamzuie", kumbe siku zinahesabika upande wake.

Uamuzi ukitolewa, asiyeridhika ana siku 14 za kukata rufaa kwenye kamati ya kaunti inayosikiliza mizozo ya mipango. Kamati nayo inatakiwa isikilize ndani ya siku 14. Usiporidhika hapo, unakwenda Mahakama ya Mazingira na Ardhi, ambayo Garissa ipo.

Wengi mtaani hunyamaza kwa kudhani asiye na hatimiliki hana sauti. Garissa watu wengi wanaishi kwa barua za ugavi, au kwenye ardhi ya jamii ambayo haijasajiliwa na ambayo Katiba imeikabidhi kaunti iwawekee amana. Sheria ya 2019 inawaalika wananchi watoe pingamizi, haikusema wenye hatimiliki peke yao. Mpangaji wa chumba kimoja anaweza kuandika barua.

Mimi si adui wa biashara. Garissa Lodge ya Eastleigh, Nairobi, ilikuwa nyumba ya kulala wageni. Baada ya serikali ya Somalia kuanguka 1991, vyumba vikageuka maduka, na mtaa mzima wa makazi ukafuata mpaka ukawa soko la Afrika Mashariki nzima. Watu wametajirika, alhamdulillahi. Lakini mabomba ya maji taka yalichimbwa kwa ajili ya familia, si kwa maduka ya ghorofa nyingi, na kila mvua ikinyesha wakazi wanayaona kwa macho yao. Garissa, mji ambao Tana ikifurika kama 2023 na 2024 huhamisha watu majumbani, suali la maji yatapita wapi si la kuulizwa baada ya zege kumwagwa.

Binamu alitoka kwenda kutazama, akarudi kwenye simu: kibao hakuna. Basi huenda hakuna ombi, na kujenga bila ruhusa ni kosa, kaunti inaweza kutoa notisi ya kusimamisha kazi. Au ombi lipo na tangazo limerukwa. Kesho asubuhi anakwenda ofisi ya mipango kuuliza kama kuna faili, liliingia tarehe gani, na kama limejibiwa. Nimemwambia ende na barua mkononi, nakala mbili, na ya pili igongwe muhuri.