Je, Wajua Maji ya Nyumba Yako Yanafungiwa Wapi?

HEBU fikiria, msomaji, umeamka saa nane usiku ukakuta jikoni kumefurika na maji yanaruka kutoka chini ya sinki. Utayafunga vipi?

Yalinipata mimi. Kibomba kiendacho kwenye mfereji kilipasuka, na koki ya pekee ilikuwa juu ya paa, penye tangi. Ufunguo wa mlango wa paa alikuwa nao bawabu. Kabla hajaamka, maji yalikuwa yamepenya hadi kwa jirani wa chini na kulowesha godoro la wanawe. Godoro nililipa, lakini aibu haina malipo.

Nyumba nyingi zina koki moja tu, karibu na mita. Ikiwa una tangi juu ya paa, hiyo haitoshi, kwani ukiifunga, maji ya tangi yataendelea kuteremka. Tangi la lita 1,000 likimwagika lote kwenye sakafu ya mita 50 za mraba, maji yatafikia kina cha sentimita 2.

Kwa hivyo, weka koki pale maji yanapotoka kwenye tangi, chini ya kila sinki, na kwenye bomba la choo. Hivyo choo kikiharibika, kitatengenezwa nawe ukiendelea kupika.

Dukani utapata koki za aina mbili. Ya gurudumu huzungushwa mara nyingi, na ikikaa miaka bila kuguswa hukwama. Ya mpini hufunga kwa robo ya mzunguko. Mpini ukilala sambamba na bomba, maji yanapita, ukikingama, yamefungwa. Hata mtoto ataelewa.

Kazi yenyewe mwachie fundi wa mifereji, lakini msimamie. Kwanza afunge maji, kisha afungue mfereji wa chini kabisa ili mabomba yaishe maji. Mabomba ya plastiki yanayounganishwa kwa moto ni lazima yakauke kabisa, la sivyo maungio yatavuja. Asikate bomba lililo kabla ya mita, kwani hilo si lako. Ikiwa wewe ni mpangaji, zungumza na mwenye nyumba kwanza.

Baadaye, zungusha kila koki angalau mara mbili kwa mwaka isije ikakwama. Waonyeshe watoto na yaya zilipo. Maji yakianza kumwagika, huenda wewe uko kazini.