Uzito wa Maneno katika Taarifa za Upelelezi

Mwanahistoria Sherman Kent wa Chuo Kikuu cha Yale alitoa mwaka 1949 kitabu kilichoutazama upelelezi wa dola kama tawi la elimu. Machi 1951, ofisi ya makisio ya CIA, alimotumika, iliiarifu serikali ya Marekani kuwa kushambuliwa kwa Yugoslavia mwaka ule ni jambo la kuwezekana, tena si la kupuuzwa. Walioyakubali maneno hayo walipoulizwa kadiri yake, mmoja alikisia 20 kwa 100, mwingine 80. Ndipo Kent, katika makala ya 1964, akataka kila neno la makisio lipewe kipimo cha tarakimu. Kiswahili nacho kina “labda”, “huenda”, “yamkini” na “yaelekea”. Asiyeyapambanua aweza kuitia nchi vitani, au kuiacha imelala adui yu mlangoni.